Msaada: kuanzisha Mafia ya maandishi, watu 11 kati ya Mtwara na Lindi

Bibo_la_Masasi

Habari za jioni wadau.

Tupo 11. Wengi Masasi na Mtwara mjini, wawili Nachingwea, mmoja Lindi. Kukutana wote ni mpaka sikukuu, kwa hiyo tunataka kucheza Mafia, ule mchezo wa kutafuta waongo waliojificha ndani ya kundi, kwa maandishi kwenye simu, taratibu, kila mtu anaandika akipata nafasi. Bao, drafti na karata tunazijua. Huu wa kusakana kwa maneno hakuna kati yetu aliyewahi kuuendesha.

Naomba kujua: majukumu yagawanywe vipi kwa idadi yetu? Mchana na usiku wa mchezo viwe na urefu gani, maana wengine wako shambani hadi jioni na mtandao wa huku mnaujua? WhatsApp inatosha au tuhamie kwingine? Na kubwa zaidi, mchana wa kwanza hakuna anayejua chochote. Sasa watu wanajadili nini?

Kete_ya_Shangani

Karibu mkuu. 11 ni idadi nzuri, ila usiwachezeshe wote. Wachezaji wawe 9, mmoja awe msimamizi, mmoja awe akiba. Msimamizi hachezi kabisa: anagawa majukumu, anapokea maamuzi ya usiku, anahesabu kura, basi. Akiba anakaa ndani ya grupu tangu siku ya kwanza, anasoma kila kitu na haandiki neno. Mtu akipotea, akiba anashika nafasi yake siku hiyohiyo bila kuuliza mmefika wapi.

Mgawanyo wa 9: mafia 2, mpelelezi 1, daktari 1, wanakijiji wa kawaida 5. Kila usiku mafia wanakubaliana kumuua mmoja, mpelelezi anataja jina moja na kujibiwa "ni mafia" au "si mafia", daktari anamlinda mmoja. Mchana wote walio hai wanajadili na kumtoa mmoja kwa kura, na akishatoka jukumu lake linatangazwa. Kijiji kinashinda mafia wote wakitoka. Mafia wanashinda wakilingana idadi na wanakijiji waliobaki, kwa sababu kuanzia hapo hakuna kura inayoweza kuwashinda.

Usikubali mtu akushawishi kuweka mafia 3 "ili mchezo uchangamke". Chukua mchezo mtupu, bila mpelelezi wala daktari, kijiji kinapiga kura kwa kubahatisha tu. Wachezaji 9 na mafia 2, kijiji kinashinda takriban mara 30 katika 100. Wachezaji 7 na mafia 2, mara 23. Wachezaji 9 na mafia 3, mara 11 tu. Mpelelezi na daktari wanaipandisha hiyo 30 hadi mchezo unakuwa wa kupigania. Hiyo 11 hawaiokoi.

Idadi iwe witiri. Mkiwa 9 na mafia 2, kijiji kinaweza kukosea mara mbili: baada ya kosa la kwanza na usiku wake mnabaki 7, baada ya la pili mnabaki 5. Kosa la tatu mkiwa 5 linaacha wawili kwa wawili, mchezo umekwisha. Ukianza na 8 kijiji kinaweza kukosea mara moja tu, sawasawa kabisa na 7. Yule mtu wa nane hajakiongezea kijiji nafasi yoyote.

Ndiyo maana pia unaanza na mchana, si usiku. Ukianza na usiku wa kuua, kuna mtu anatoka kabla hajaandika hata sentensi moja, na kijiji kinaamka kikiwa 8.

Muda: mchana saa 36, usiku saa 12. Mchana unafunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa kesho yake saa 3 usiku. Usiku wa mchezo unaanzia hapo hadi saa 3 asubuhi. Kwa ratiba hiyo kila mchana una jioni mbili ndani yake: wa shambani wanaandika, na umeme ukikatika jioni moja, ya pili ipo. Ukifungua Jumatatu, mchana wa nne unafungwa Jumatatu inayofuata usiku, na mara nyingi mchezo wa watu 9 hauvuki hapo isipokuwa daktari aokoe mtu.

Kura: zaidi ya nusu ya walio hai. Mkiwa 9 zinatakiwa 5, mkiwa 7 ni 4, mkiwa 5 ni 3, mkiwa 3 ni 2. Zikitimia, mchana unafungwa papo hapo. Muda ukiisha hazijatimia, anatoka mwenye kura nyingi zaidi, na wakifungana anatoka aliyeifikia idadi hiyo kwanza. Kura ya "hakuna wa kutoka" iruhusiwe, nayo ihesabiwe kama jina la mtu.

Kila mchezaji aandike angalau meseji mbili zenye hoja kila mchana. Akikaa kimya saa 24 msimamizi anamkumbusha inboksi. Saa 6 nyingine zikipita, akiba anaingia. Usione aibu kumbadilisha mtu. Mchezo wa maandishi unakufa kwa ukimya kuliko kwa sababu nyingine yoyote, kwa kuwa asiyeandika hasomeki, na kijiji kinapoteza kura kumtoa aliyeishiwa bando badala ya mwongo.

Kugawa majukumu usitumie kichwa chako, maana utampa shemeji yako mpelelezi bila kujijua. Vikaratasi 9, vikunje, vichanganye, vuta kimoja kwa kila jina, andika orodha, piga picha, itunze hadi mwisho. Kisha kila mtu atumiwe meseji ya jukumu yenye urefu na mpangilio uleule. Ukimwandikia daktari aya nne na mwanakijiji wa kawaida mstari mmoja, muda wako wa kuandika tu utamuumbua: waliokaa pamoja wataona nani kapata meseji ndefu.

Ukwaju_wa_Mikindani

Kete kamaliza upande wa kuendesha. Mimi nijibu lile la mchana wa kwanza, maana hapo ndipo magrupu mengi yanapofia: saa tano za "mambo vipi, mimi mwanakijiji" kisha kimya.

Mchana wa kwanza hutafuti mafia moja kwa moja. Unatengeneza kumbukumbu ya kusoma baadaye. Kila mtu atakayetoka ataonyeshwa jukumu lake, na siku mafia wa kwanza atakapotoka, meseji zote za nyuma zinapata maana mpya. Sasa kama mchana wa kwanza hamkuandika kitu, hakuna cha kurudia kusoma.

Kwa hiyo mtu mmoja aanze kwa kumpigia mwenzake kura yenye sababu hata nyepesi, mfano "umesoma tangu asubuhi na hujasema kitu". Kura moja katika tano haimtoi mtu. Inamlazimisha ajibu, na wengine waseme kama sababu ina uzito. Angalia mambo haya: nani anauliza maswali anayotaka majibu yake, na nani anauliza ili aonekane yupo, nani anabadili kura kwa hoja, na nani anafuata walipo wengi, nani anatoa maoni kwa kila jina isipokuwa moja.

Msihesabu woga kuwa ushahidi. Mgeni wa mchezo akituhumiwa atajitetea vibaya awe nani. Wala msiridhike na "anaandika sana" au "yuko kimya leo". Ushahidi mzuri zaidi ni kura, maana kura haina maelezo ya kuipamba. Tuseme mchezaji mmoja, tumwite Embe, alitoka kwa kura 5 na akakutwa mwanakijiji. Usitazame tu nani walimpigia, tazama mpangilio. Kura ya kwanza na ya pili zilikuwa za kubana. Ya tatu na ya nne ndizo zilizogeuza hoja kuwa hatari, na hapo mafia anapenda kuingia, kwa sababu anasukuma bila kuonekana aliyeanzisha wala aliyemaliza. Na kama aliyetoka alikuwa mafia, tafuta aliyempigia kura wakati zilishatosha au zilikuwa karibu kutosha, huku mchana kutwa hakuwa na neno naye.

Kutaja jukumu lako: usitaje mpaka uwe umebakiza kura moja kutoka. Mkiwa 9, maana yake una kura 4. Hapo useme ukweli, na waliokupigia wasimame wakusikilize kabla ya kura ya tano. Ukitaja mapema ukiwa daktari umewaandikia mafia jina la kufuta usiku. Na wanakijiji wa kawaida msitangaze kwamba ninyi ni wa kawaida, maana kila anayejitangaza hivyo anawapunguzia mafia majina ya kutafutia mpelelezi.

Mpelelezi ajitokeze akishampata mafia, au akibakiza kura moja kutoka, au mkifika 5 hata kama hajampata, kwa sababu majina aliyoyasafisha yana thamani kubwa hapo. Akijitokeza aweke yote kwa mpangilio: usiku wa 1 nilimuuliza fulani, jibu hili, usiku wa 2 fulani, jibu hili. Kama mwingine naye akidai kuwa mpelelezi, mmoja wao ni mwongo kwa hakika, kwa hiyo kura za siku hiyo zibaki kati ya hao wawili. Mkiwa 7 na mafia wote wawili wapo, hata mkimtoa mpelelezi wa kweli, kesho yake mnamjua mwongo na mchezo bado upo. Mkiwa 5, kukosea kati ya hao wawili ni mwisho.

Na mkiwa 5 mafia wakiwa bado wawili, mtu asipige kura mapema. Kura zinazotakiwa ni 3. Mafia wana 2 tayari. Mwanakijiji mmoja akiharakisha kumpigia mwanakijiji mwenzake, mafia wanamalizia ndani ya dakika moja na hakuna atakayewahi kufuta. Siku hiyo kubalianeni: wote watano waandike jina wanalolishuku na sababu kwanza, kura baadaye.

Bibo_la_Masasi

Asanteni sana, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nimeshawapa watu ratiba ya saa 36.

Mawili yamejitokeza. Ndani ya grupu kuna wakubwa zetu wawili, mmoja mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya wachezaji. Vijana wanasema hawawezi kumwandikia "mwalimu unadanganya". Pili, kuna wanaotaka mafia tuwaite wachawi, wanasema Mafia ni jina la kigeni. Mnashaurije?

Mzee_wa_Naliendele

Kijana wangu, la uchawi liacheni kabisa. Mikoa yetu watu wamefukuzwa majumbani na wengine kuuawa kwa neno hilo, na Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamgusa hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Sasa fikiria skrinishoti inayosomeka "naamini fulani ni mchawi, nampigia kura atolewe" imetoka nje ya grupu ikafika kijijini kwa huyo fulani. Nani ataeleza kwamba ulikuwa mchezo?

Kubadili majina si kosa lolote. Mchezo wenyewe ulitungwa na Dimitry Davidoff mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Moscow alipokuwa mwanafunzi wa saikolojia, na mwaka 1997 Andrew Plotkin akawageuza mafia kuwa watu-mbwamwitu, na hivyo ndivyo wengi duniani wanavyoucheza. Nasi tunazo habari zetu. Mafia waiteni kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kwa magendo na kwa bei ya kuwanyonya. Wanakijiji ni wakulima wa korosho, mpelelezi ni mkaguzi, daktari ni mlinzi wa ghala. Usiku kangomba hawamuui mtu, wanamfilisi, anauza shamba na kuhama. Kutoka Tandahimba hadi Ruangwa hakuna atakayehitaji kuelezwa nani mbaya. Kama ndani ya kundi yupo mtu ambaye nyumbani kwao neno hilo litamuuma, chukueni wavuvi na wapiga baruti.

La wakubwa: msichezee majina yenu. Msimamizi ampe kila mchezaji jina la tunda: Nazi, Embe, Fenesi, Zambarau, Ukwaju, Bibo, Papai, Ndimu, Ubuyu. Ndiyo tisa hayo. Ndani ya mchezo hakuna mwalimu wala mjomba, kuna Fenesi na Ndimu, na kijana ataweza kuandika "Fenesi jana ulisema hivi, leo unasema vile". Wakubwa wenyewe wakubali kwa maandishi kabla ya kuanza, mbele ya grupu. Mkubwa akishasema "mniseme tu, ni mchezo", vijana watafunguka. Adabu ya nje ya mchezo ibaki palepale: shikamoo ya asubuhi anaamkiwa mwalimu, tuhuma anapewa Fenesi.

Halafu lipo moja ambalo hakuna aliyeligusa. Pigeni marufuku viapo. Wallahi, haki ya Mungu, naapa kwa mama yangu, vyote. Mwenye dini yake hataapa uongo kwa ajili ya mchezo, kwa hiyo mkulima akiapa kasafishika na kangomba asiyetaka kuapa kajulikana. Mchezo umekufa. Na anayekubali kuapa uongo ili ashinde, hilo ni baya kuliko kushindwa. Atakayeapa, msimamizi amtoe palepale bila kura. Vivyo hivyo madeni, ndoa, kabila na siasa visiingie. Utani wa kawaida kati ya watani hauna neno, ila usigeuzwe kuwa hoja ya kumtoa mtu.

Bibo_la_Masasi

Shikamoo mzee. Kangomba imepita bila kupingwa, na mwalimu amekubali kuwa Zambarau.

Mzee_wa_Naliendele

Marahaba mwanangu.

Nyuki_wa_Mitwero

Niongezee upande wa simu, maana sheria nzuri zinaharibiwa na simu.

WhatsApp inatosha kwa kundi lenu, wote wanayo na haili bando sana kama hakuna video na sauti. Sauti zikatazwe: haziwezi kutafutwa wala kunukuliwa, na mtu wa mtandao dhaifu hazimfungukii. Stika nazo ziachwe. Usiku ukiingia, msimamizi anabadili mpangilio wa grupu ili maadmini peke yao waweze kuandika, asubuhi anafungua. Hilo linamaliza ubishi wa "sikujua mmefunga".

Kura msitumie ile sehemu ya kura ya WhatsApp. Mtu akibadili chaguo lake, la zamani linapotea bila alama, na Ukwaju kashaeleza kwamba mpangilio wa kura ndio ushahidi. Kura iandikwe kwenye meseji, mstari wake peke yake, herufi kubwa:

KURA: EMBE

na kuifuta:

NAFUTA KURA

Msimamizi anahesabu zile tu zilizoandikwa hivyo. "Nadhani leo Embe aende" si kura. Aweke hesabu angalau mara mbili kwa siku, kwa sura hii:

Mchana wa 1, saa 10 jioni. Walio hai 9, zinatakiwa 5.
EMBE 3: Nazi, Papai, Ndimu
UBUYU 1: Bibo
Hawajapiga: Embe, Fenesi, Zambarau, Ukwaju, Ubuyu

Majina yafuate nani alitangulia.

WhatsApp inaruhusu kuhariri meseji ndani ya dakika 15, na kufuta kwa wote. Katazeni vyote viwili. Kosa la herufi lirekebishwe kwa meseji mpya. Anayefuta, hata kama kafuta salamu, ahesabiwe kavunja sheria, kwa sababu waliowahi kusoma watakuwa na habari ambazo wengine hawana.

Skrinishoti ya meseji ya msimamizi ni marufuku, na kuinukuu neno kwa neno pia. Pasipo sheria hiyo mtu anabandika "Wewe ni MKULIMA" na mjadala umefungwa.

Zimeni "mara ya mwisho kuonekana" na tiki za bluu, au mkubaliane kwamba havitumiki kama hoja. Mtu aliyeonekana hewani saa 8 usiku huenda ananyonyesha mtoto.

Hatari kubwa kuliko zote: grupu la siri la kangomba. Ni watu watatu, kangomba wawili na msimamizi. Kuandika kwenye grupu lisilo lake ni rahisi mno. Msimamizi alipe jina lisilofanana kabisa na la grupu kubwa na picha ya rangi nyingine, mfano moja kijani kibichi, jingine jekundu tupu. Kangomba wote waliondoe grupu kubwa kwenye kubandikwa juu usiku. Akikosea akaandika mpango wa usiku mbele ya wote, hakuna kurudisha nyuma, anatoka bila kura na mchezo unaendelea. Liandikwe kwenye sheria mapema ili asije kulalamika.

Kete_ya_Shangani

Nyuki umenena. Nimkumbushe Bibo jambo la daktari, au mlinzi wa ghala sasa, maana sikulifafanua. Usiku unachakatwa kwa mpangilio huu: mlinzi kwanza, kisha kangomba, kisha mkaguzi. Kangomba wakimchagua yuleyule aliyelindwa na mlinzi, hafi mtu, na asubuhi mnatangaza tu "usiku huu hakuna aliyehama". Msitaje nani alilindwa. Kangomba wasipotuma jina hadi saa 3 asubuhi, hakuna anayehama, hakuna kubembelezana.

Mlinzi asimlinde mtu yuleyule usiku mbili mfululizo. Bila kizuizi hicho, mkaguzi akijitokeza mlinzi anamkalia kila usiku, kangomba hawawezi kumgusa, na kila asubuhi kijiji kinapata jibu jipya. Mchezo unakuwa wa upande mmoja.

Ukwaju_wa_Mikindani

Hapo kwa mlinzi nakubaliana. Siafiki mchana kufungwa papo hapo kura zikitimia, kwa wageni. Mtu anapiga kura ya tano saa 5 asubuhi bila kuhesabu, na wa shambani wanarudi jioni kukuta mchana umekwisha hawajaandika. Kwa mchezo wa kwanza mchana usifungwe kabla ya jioni ya kwanza saa 3 usiku, hata kura zikitimia. Kabla ya hapo watu wanaruhusiwa kufuta. Baada ya hapo zikitimia, funga.

Kete_ya_Shangani

Sawa, kwa wageni hilo ni zuri kuliko langu. Bibo, chukua la Ukwaju. Ila mkibaki wachezaji 5 kwenda chini rudini kwenye sheria kali, vinginevyo kangomba anapiga kura ya hatari, anaona watu walivyoshtuka, kisha anaifuta kana kwamba hakuwa na nia.

Nyuki_wa_Mitwero

Na watakaopata kangomba? Tumewasaidia wakulima tu.

Ukwaju_wa_Mikindani

Kweli, nao waanze vizuri, mchezo ukiwa wa upande mmoja hakuna atakayerudi.

Kangomba msitetee mwenzako kwa nguvu, na msimpigie kura ya kumtoa kwa haraka ili muonekane safi. Mnakuwa wawili tu, kumpoteza mmoja mchana wa kwanza ni nusu ya nguvu yenu. Mtendee kama unavyowatendea wengine wanne au watano: muulize swali, mjibu, mwache. Msipige kura pamoja kila siku, na msitofautiane kila siku pia, maana ule mpangilio wa kila mmoja kukwepa alipo mwenzake unaonekana haraka kwa anayesoma hesabu za kura.

Usiku msimtoe anayewashambulia. Asubuhi kila mtu atauliza marehemu alikuwa anamshuku nani. Mtoeni mtu ambaye wote wanamwamini na hakuna anayemshuku, kwa sababu huyo hatatolewa kwa kura na mwisho wa mchezo atakuwa kiongozi. Dalili za mkaguzi ni mtu aliyekuwa na mashaka na jina fulani jana, leo ameacha ghafla bila kueleza, au amekuwa na uhakika ghafla.

Maneno yenu yawe na historia. Mkulima wa kweli hubadili mawazo hatua kwa hatua na unaona njia aliyopitia. Kangomba anajua majibu tangu mwanzo, kwa hiyo anaruka kutoka shaka hadi hukumu. Andika shaka zako ndogo mapema, hata kwa watu usiokusudia kuwatoa, ili baadaye hukumu yako iwe na mahali ilipotoka. Na uwiano wa uandishi wako usibadilike: anayeandika meseji kumi akiwa mkulima, akiandika tatu akiwa kangomba kajitoa mwenyewe mchezo wa pili.

Mzee_wa_Naliendele

Wapo watakaochukia kutolewa mapema na kukaa siku sita wakitazama. Kwao kuna The Resistance ya Don Eskridge, hakuna anayetolewa. Watu 5: wema 3, wasaliti 2. Kiongozi anachagua timu, wote wanapiga kura wazi kuikubali, kisha walio kwenye timu wanamtumia msimamizi kwa siri "nafanikisha" au "naharibu". Timu ni za watu 2, 3, 2, 3, 3, na upande unaotwaa kazi tatu kati ya tano unashinda. Mkiwa 9 ni wema 6 na wasaliti 3, timu za 3, 4, 4, 5, 5, na ile kazi ya nne inahitaji waharibifu wawili ili iharibike. Kwa maandishi kila timu inakula siku moja hadi mbili kwa sababu ya kukataliwa.

Wanaopenda mkakati hasa, waelekee kwenye Diplomacy ya Allan Calhamer, iliyotoka mwaka 1959. Wachezaji 7, ramani ya Ulaya, vituo 34, mwenye 18 kashinda. Hakuna dadu. Wote wanatuma amri zao kwa msimamizi na zinafunguliwa pamoja, kwa hiyo ahadi ya jana inapimwa kwa amri ya leo. Watu walikuwa wakiucheza kwa barua za posta tangu mwaka 1963, basi kwa simu hauna shida. Lakini ni wa wiki nyingi, usiwape kabla hawajamaliza kangomba mara kadhaa.

Bibo_la_Masasi

Nimepata kila kitu. La mwisho: tukifika 4, labda kwa sababu mlinzi aliokoa mtu, na kangomba amebaki mmoja. Tupige kura au tuache?

Kete_ya_Shangani

Kama hamna ushahidi wa mkaguzi, pigeni "hakuna wa kutoka". Mkiwa 4 na mkamtoa mkulima, usiku anaondoka mwingine, mnabaki mmoja kwa mmoja na mmeshindwa. Mkiacha, usiku anaondoka mmoja, mnaamka 3 na bado mna kura ileile moja ya kuokoa, ila sasa unamtafuta mmoja kati ya wawili wasiokuwa wewe badala ya watatu. Na aliyechaguliwa usiku ule ni habari mpya ya kusoma. Zinatakiwa kura 3 kati ya 4 ili "hakuna" ipite kabla ya muda, kwa hiyo wakulima wote watatu waipige mapema na wasiyumbishwe. Yule atakayepigania sana kura ya mtu siku hiyo bila hoja mpya, andikeni jina lake pembeni.

Mlinzi akiwa bado hai, usiku huo amlinde anayeaminika zaidi, isipokuwa kama alimlinda jana. Akifanikiwa mnaamka 4 tena, na mnaweza kurudia "hakuna". Msimamizi aweke kikomo: asubuhi mbili mfululizo bila aliyehama, mchana wa tatu lazima mtu atoke.